Je, wajua kwa nini buti hugoma kufunguka ilhali mita inasoma volti 12?

Ukibonyeza swichi ya buti kwenye gari la miaka 15 au 20 na usisikie kitu, lawama ya kwanza huangukia kitasa. Kitasa kipya kinanunuliwa, kinafungwa, na buti linaendelea kugoma. Mara nyingi tatizo liko jirani tu: waya zinazopita kwenye hinji, ndani ya ule mpira mweusi wenye mikunjo unaounganisha bodi na mlango wa buti.

Kila buti linapofunguliwa na kufungwa, waya hizo hukunjwa palepale. Shaba ikikunjwa maelfu ya mara huchoka, na nyuzi zake nyembamba hukatika kidogokidogo. Plastiki ya juu nayo hukakamaa kwa joto na umri, inapasuka, unyevu unaingia. Mombasa, Tanga au Unguja, kwenye hewa ya chumvi, shaba iliyo wazi haichelewi kugeuka kijani. Mafundi wanaijua sana hitilafu hii kwenye Volkswagen Golf ya kizazi cha 4 na BMW E46, ila gari lolote lenye kitasa cha umeme kwenye buti linaweza kuipata. Magari ambayo mlango wa nyuma hufunguka pamoja na kioo huumia zaidi, maana mpira huohuo hupitisha pia waya za waipa, hita ya kioo na taa ya breki ya tatu.

Sasa, mita inadanganyaje? Tuseme mota ya kitasa ina ukinzani wa omu 3. Kwa volti 12 itavuta ampea 4, na buti litafunguka. Ncha za waya uliokatika zikiwa bado zinagusana kwa kutu ndani ya plastiki yake, hapo panaweza kuongezeka omu 3 nyingine. Jumla inakuwa omu 6, mkondo unashuka hadi ampea 2, na volti 6 tu ndizo zinazofika kwenye mota. Utasikia mlio hafifu, au usisikie chochote. Lakini ukichomoa plagi ya kitasa na kuweka mita, mita haivuti mkondo wa maana; ukinzani wake wa ndani kwa kawaida ni takriban omu milioni 10. Omu 3 za kutu mbele ya hizo si kitu, kwa hiyo inakuonyesha volti 12 kamili. Fundi anasema umeme upo, na hajakosea. Kisichopita ni mkondo wa kuzungusha mota.

Ndiyo maana kwa kazi hii balbu ya indiketa ya wati 21, iliyofungwa kwenye holda yenye waya mbili, ina faida kuliko mita ya bei kubwa. Inavuta karibu ampea 1.75, hivyo waya mbovu hujulikana mara moja: balbu inafifia au haiwaki kabisa.

Kabla ya kupima, sikiliza na uangalie. Kitasa kikilia kwa nguvu lakini buti halifunguki, umeme unafika. Tafuta ubovu kwenye ulimi wa kitasa. Kimya kikiambatana na taa ya namba inayozimika, au taa ya breki ya tatu inayowaka inapotaka, shuku mpira wa hinji, na hasa waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), kwa sababu vifaa kadhaa vya mlangoni huutumia kwa pamoja. Fyuzi ikiungua buti linapofika pembe fulani, waya wa umeme umechubuka na unagusa bodi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi: utakachounguza safari hiyo ni waya wenyewe. Hakikisha pia swichi ya kuzuia buti, ambayo baadhi ya magari huwa nayo kwenye kisanduku cha dashibodi, haijabonyezwa.

Buti likiwa limefungwa, tumia tundu la ufunguo kama lipo, au laza viti vya nyuma uingie kwa ndani ufungue kifuniko cha plastiki kinachoficha kitasa. Chomoa plagi yake, unganisha balbu kwenye waya mbili za mota, kisha mwenzako abonyeze swichi. Ikiwaka kwa mwanga kamili, mota ndiyo imekufa; hapo nunua kitasa. Ikififia au isipowaka, acha upande mmoja kwenye waya wa umeme na upande wa pili ugusishe kwenye bolti safi ya bodi, si ya mlango, halafu abonyeze tena. Ikiwaka vizuri sasa, ethi ndiyo mbovu. Isipobadilika, ubovu uko upande wa umeme. Balbu ikiwa bado imeunganishwa, kunja mpira wa hinji huku na huku. Mwanga ukichezacheza, umepata mahali.

Tahadhari moja: usitumie balbu hii kwenye waya za kitufe cha nje kinachobonyezwa juu ya namba. Kwenye magari mengi waya hizo hupeleka ishara tu kwenye kompyuta ya bodi, na balbu inaweza kuiunguza. Hapo tumia mita.

Ukishapata mahali, chomoa mpira pande zote mbili na uvute waya mmoja mmoja taratibu. Uliokatika ndani hunyumbuka, maana kilichobaki ni plastiki tupu. Ethi kwenye magari ya Kijerumani huwa ya kahawia. Kwenye Toyota nyingi ni nyeupe yenye mstari mweusi.

Kusokota ncha na kuzungushia tepu hakudumu. Hata kulehemu kwa risasi palepale penye mkunjo ni kosa, kwa sababu risasi hunyonywa kati ya nyuzi na kuzikakamaza, kisha waya hukatika pembeni mwa kiungo. Kata sehemu yote iliyochoka na uweke kipande kipya cha sentimita 20 hivi, cha waya laini wenye nyuzi nyingi na unene usiopungua wa awali. Viungo vyote vikae nje ya mpira: kimoja ndani ya bodi, kingine ndani ya mlango. Vipishanishe visirundikane mahali pamoja, na kila kimoja kivalishwe mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto. Acha waya zilegee kidogo, fungua buti hadi mwisho uone hakuna unaovutika, kisha rudisha mpira hadi ukingo wake ukae vizuri kwenye tundu. Usipokaa, maji ya mvua yatafuata waya hadi ndani ya buti.