Ukuta unaomenyeka si dalili ya nyumba mbovu

Wanaotafuta nyumba ya kale ya kupanga wikiendi Bagamoyo, zile za kujipikia wenyewe, huikimbia yenye chokaa inayomenyeka na kuchagua iliyopigwa plasta ya saruji. Eti ndiyo imara. Sivyo. Kuta za Mji Mkongwe wa huko Bagamoyo ni mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, nene, nazo huvuta unyevu kutoka ardhini. Chokaa huuacha utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, mpaka plasta ibanduke vipande vizima na jiwe nalo limelika. Unga mweupe kwenye shuka asubuhi unaudhi, sikatai, sogeza kitanda. Cha kukagua ni dari, pale ncha za boriti za mikoko zinapoingia ukutani. Zikibonyea kwa kidole, tafuta nyumba nyingine.