Mafuta ya nazi hayarudishi kumbukumbu

Tangu nianze kuwahudumia wazee wenye dimenshia, yaani hali ya ubongo kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kama hii: "Daktari, tumeshamwanzishia mafuta ya nazi." Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Ubongo wenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikuu cha dimenshia, hushindwa kutumia glukosi, yaani sukari ya damu, ipasavyo, na ini linaweza kugeuza mafuta kuwa ketoni, ambazo ubongo huzitumia kama nishati mbadala. Hata hivyo, hakuna jaribio kubwa la kitabibu lililothibitisha kwamba mafuta ya nazi huzuia au kutibu dimenshia. Kinachojulikana vizuri ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, nayo hupandisha lehemu mbaya, yaani LDL. Mwaka 2024, jopo la jarida la kitabibu la Lancet liliiweka LDL iliyozidi katika umri wa makamo miongoni mwa vihatarishi 14 vya dimenshia. Inaniuma zaidi ninapogundua kwamba vijiko hivyo vimechukua nafasi ya dawa za shinikizo la damu, kwa kuwa shinikizo lisilodhibitiwa huharibu mishipa midogo ya ubongo na huleta kiharusi, na kila kiharusi humwongezea mgonjwa usahaulifu.

Vidonge vya ginkgo, vinavyotengenezwa kwa majani ya mti wa jina hilo, navyo vilijaribiwa nchini Marekani kwa watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba havikupunguza dimenshia. Vitamini B na E hazipendekezwi na Shirika la Afya Duniani kwa kusudi hilo. Lakini mwenye upungufu wa vitamini B12 lazima atibiwe, kwani upungufu huo wenyewe huvuruga kumbukumbu.

Wengine huamini kuwa lishe haina maana yoyote, nao wanakosea. Utafiti wa Ufini wa mwaka 2015 ulichanganya lishe bora, mazoezi ya mwili na ya akili, na ufuatiliaji wa afya ya moyo na mishipa, na wazee waliokuwa hatarini walinufaika.

Mwisho, msimnyime mgonjwa chakula kwa hofu ya sukari. Wagonjwa wengi wa dimenshia hukonda, kwa hiyo mpimeni uzito kila mwezi, na ukipungua mleteni kliniki mapema.