Mtoto akishatambuliwa kuwa na usonji, familia itafute watu gani?

Daktari anapoieleza familia kwamba mtoto wao ana usonji (kwa Kiingereza autism), hali inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, kazi yake ya siku hiyo huwa karibu imekwisha, ilhali ya familia ndiyo kwanza inaanza. Katika Pwani ya Kenya, hata mzazi aliyebahatika kupata mtaalamu wa matamshi, au yule anayemzoeza mtoto kula, kuvaa na kuoga mwenyewe, hukutana naye kwa muda mfupi tu, kisha hungoja miadi nyingine. Katikati ya miadi hizo, wanaoishi na mtoto ni mzazi huyohuyo, nyanya, dada wa kazi, mwalimu na jirani. Kwa sababu hiyo sisi tunaohudumia familia hizi hutoa ushauri unaowashangaza wengi: kabla ya kuuza mbuzi au kiwanja ili kufuata tiba ya mbali, tafuteni kwanza mzazi mwingine aliyetangulia, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ofisi ipi husikiliza, mwalimu yupi ana subira, na ni gharama ipi isiyo na faida.

Upweke wa mwanzo una sababu zinazojulikana. Mtafiti Joseph Gona na wenzake waliwasikiliza wazazi na wataalamu katika kaunti za Kilifi na Mombasa, wakachapisha matokeo mwaka 2015 na 2016. Waliohojiwa walitaja pepo wabaya, uchawi na laana kuwa chanzo cha usonji, na papo hapo wakataja maambukizi, matatizo wakati wa kujifungua, lishe duni na urithi. Wazazi wakaeleza mizigo yao: unyanyapaa, ukosefu wa matibabu yanayofaa, gharama, na uchovu wa malezi yasiyo na mapumziko. Ukiyaweka maelezo hayo pamoja utaona jinsi familia inavyojitenga. Mama huambiwa amekosa mahali fulani, naye huacha kwenda harusini na matangani kwa kuogopa macho ya watu, na kwa kuwa haonekani, hakuna anayekumbuka kumsaidia. Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno maishani, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Hausababishwi na chanjo wala na malezi mabaya, na mume au wifi anayelirudia jambo hilo sebuleni anastahili kuelezwa na mhudumu wa afya, si na mama peke yake.

Mzazi mwenzako anapatikana wapi? Muulize muuguzi wa kliniki kama kuna familia iliyo tayari kuzungumza nawe, naye ataiomba ridhaa kwanza. Mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita mtaani kwenu, kwa kuwa yeye huingia nyumba ambazo wewe huzijui. Nenda pia kwenye kituo cha tathmini ya elimu maalumu, vile vinavyojulikana kama EARC, ambavyo vimekuwepo nchini tangu mwaka 1984. Huko mtoto hutathminiwa na familia hushauriwa shule au kitengo kinachomfaa, na kwenye benchi la kungojea mara nyingi ndiko urafiki wa wazazi unakoanzia. Kwa walio Nairobi na penginepo, chama cha Autism Society of Kenya kilianzishwa mwaka 2003 na wazazi wenyewe, jambo linalofaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba huduma huletwa na wakubwa peke yao.

Kikundi cha wazazi si mahali pa kulia tu, ingawa kulia nako kuna nafasi yake. Katika mikutano hiyo mtu hujifunza jinsi ya kumkata kucha mtoto asiyevumilia kuguswa, jinsi ya kumwandaa kwa safari ya matatu kwa kumwonyesha picha za safari hiyo mapema, na chakula cha kumjaribishia mtoto anayekula wali mweupe pekee. Huko Kilifi, walezi wa watoto wenye ulemavu waliojiunga katika vikundi walifuatiliwa na watafiti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba biashara ndogo za pamoja na kule kukutana kwenyewe viliinua hali za walezi na kuanza kubadili mtazamo wa majirani. Hata hivyo vikundi huvunjika, na kwa maoni yetu huvunjwa zaidi na tamaa ya ufadhili wa nje usiokuja, pamoja na hesabu za fedha zisizo wazi, kuliko na jambo jingine lolote. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Kikundi kikisajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kinaweza kufungua akaunti kwa jina lake, na mweka hazina hatalala na pesa za watu chini ya godoro.

Kikundi pia hurahisisha mafunzo. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwapa walezi stadi za kumsaidia mtoto mwenye kuchelewa kukua au ulemavu wa ukuaji, wenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na umeandaliwa ili hata wasio mabingwa waweze kuuendesha baada ya kufunzwa. Mpango huo umefanyiwa utafiti Kenya na Ethiopia. Mafunzo yake hutumia michezo na kazi za nyumbani za kila siku, kama kufua na kupika, kuwa nafasi za mtoto kuwasiliana. Ulizeni hospitali ya kaunti kama unatolewa karibu nanyi, na muulize mkiwa wengi, kwa sababu ombi la wazazi 10 haliwekwi kando kirahisi.

Kuhusu karatasi nitasema machache. Mtoto afanyiwe tathmini ya ulemavu katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Familia maskini yenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa inaweza pia kuomba kuingizwa katika mpango wa serikali wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi, lakini ni haki.

Majirani wanahitaji kuombwa jambo mahususi. Anayeambiwa "tusaidieni" huitikia na kwenda zake, lakini anayeambiwa "nikae kwako na mtoto Jumamosi saa nne, wewe umtazame nikifua" anajua la kufanya. Ombi lisilofaa kuahirishwa ni la usalama. Watoto wengi wenye usonji hutoka nyumbani bila kusema, wengine hawawezi kutaja jina wanapoitwa, na wengi huvutwa na maji, hivyo kuzama ni miongoni mwa hatari kubwa zinazowakabili. Katika vijiji vyenye visima visivyofunikwa, na mitaa iliyo karibu na bahari, familia iwaeleze mapema mwenye duka, vijana wa bodaboda na walinzi wa pwani sura ya mtoto, jinsi ya kumsogelea bila kumkimbiza wala kumpigia kelele, na nambari ya kupiga. Wachaguliwe watu wanaoaminika, na picha ya mtoto isitawanywe ovyo katika makundi ya simu.

Viongozi wa dini nao wana nafasi yao. Wazazi wa Kilifi na Mombasa walitaja imani kuwa mojawapo ya vitu vilivyowashikilia, na neno moja la imamu au mchungaji kwamba mtoto huyu si adhabu laweza kunyamazisha minong'ono ya miaka. Dua na maombi havizuiwi na yeyote. Kinachokatazwa ni kumchanja mtoto chale, kumfunga kamba, kumnyima chakula au kumwachisha dawa za kifafa, kwa mtoto anayezitumia, kwa jina la kumponya, na vilevile kununua vinywaji na sindano za watu wanaoahidi kuuondoa usonji kwa malipo.

Akina baba huonekana mara chache vikaoni. Wapangie mkutano jioni au Jumapili, na muwape kazi, kwani wengi hukwepa mahali wanapodhani watalaumiwa.

Palipo mbali na kila kikundi, familia mbili au tatu zatosha kuanza. Mkutano wa kwanza uwe mfupi, mahali penye kivuli na ua uliozungushwa, na wawili kati ya wazazi wapewe watoto wote kuwachezesha huku wengine wakizungumza. Katika mkutano wa pili wawili hao wapokewe zamu, nao wapate kukaa na kusikilizwa.