Pistoni ya breki iliyoganda kwenye pikipiki ya zamani: yanayosemwa na yalivyo

Honda ilipoitoa CB750 Four mwaka 1969, breki ya diski ya haidroli ilianza kufika kwa waendeshaji wa kawaida. Pikipiki za enzi hizo zilizobaki leo, hasa zilizolala stoo miaka mingi, zina ugonjwa mmoja unaojulikana: pistoni imeganda ndani ya kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski. Ushauri mwingi unaozunguka gereji kuhusu kuitoa unaharibu kalipa ambayo kuipata tena ni kazi, na mwingine unaumiza watu.

Dhana: Gurudumu likibaki limeshikwa na breki, pistoni imeganda.

Si lazima. Bana breki, achia, kisha legeza nipo ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu kwenye kalipa. Gurudumu likifunguka papo hapo, kalipa haina kosa. Shinikizo lilikuwa limenaswa juu: ama hosi ya mpira imevimba kwa ndani, ama kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta ndani ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani) kimeziba. CB750 ina la ziada. Kalipa yake ina pistoni moja tu, na imefungwa kwenye mkono unaocheza juu ya pini ili pedi ya upande wa pili nayo ifike kwenye diski. Pini hiyo ikikauka grisi na kushika kutu, dalili ni zilezile, na watu hununua pistoni mpya bure.

Dhana: Upepo wa kompresa ndiyo njia rahisi.

Hapa naomba tusikilizane. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 42 ina uso wa karibu sentimita 14 za mraba. Upepo wa baa 7 unaisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, na upepo ukishabanwa huendelea kutanuka hata pistoni ikianza kutoka. Ndiyo maana huruka kwa kishindo, na kidole kilicho mbele yake huvunjika.

Mafuta ya breki hayabanwi hivyo. Pistoni ikisogea kidogo tu, shinikizo linashuka, kwa hiyo inatoka taratibu. Tena masta silinda ya pikipiki yenyewe, kwa nguvu ya mkono tu, hutoa shinikizo linaloizidi kompresa ya gereji mara kadhaa. Basi usikimbilie kufungua hosi. Itoe kalipa kwenye diski ikiwa bado imeunganishwa, jaza mafuta kwenye kikopo cha juu, kisha bana na kuachia polepole huku ukiongeza mafuta. Masta silinda ikiwa imekufa, pampu ya grisi yenye kiungo kinachoingia kwenye nyuzi za tundu la hosi hufanya kazi hiyohiyo, ila grisi yote lazima isafishwe baadaye na sili (pete za mpira zinazozuia mafuta yasivuje) zitupwe.

Kalipa zenye pistoni mbili zinazotazamana, kama ya Yamaha RD350, zina mtego wake: iliyo nyepesi hutoka kwanza, na ya pili inabaki bila kitu cha kuisukuma. Izuie nyepesi kwa kilampu na kipande cha ubao mpaka ngumu isogee.

Dhana: Ikitokeza kidogo, ivute kwa plaizi.

Uso wa nje wenye kromu ndio sili inaoukalia. Mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya mafuta kuvuja. Ishike kwa ndani, kwenye uwazi wake.

Dhana: Loweka kwa dizeli, haina neno.

Dizeli, petroli na mafuta ya kulegeza nati huvimbisha mpira wa sili za breki. Ukiyatumia, sili zote zitoke na kila kitu kioshwe. Joto linasaidia zaidi, kwa sababu aluminiamu ya kalipa hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pistoni, na maji yanayochemka mara nyingi yanatosha. Usitumie moto wa gesi. Baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na mabaki yake yakiunguzwa hutoa fosijeni, gesi inayoua.

Dhana: Weka sili mpya, umemaliza.

Hili ndilo linalorudisha kalipa nyingi mezani. Hakuna springi inayorudisha pistoni. Anayeirudisha ni sili yenyewe: ina kingo za mraba, hujipinda pistoni inapotoka, na ukiachia breki hujinyoosha na kuivuta sehemu ndogo sana ya milimita. Sasa itazame mifereji ya sili kwa tochi. Chini kabisa, kwenye kona, utaona ukoko mweupe mgumu kama chokaa. Huo ni ulikaji wa aluminiamu. Unaisukuma sili iibane pistoni, na sili mpya itabanwa vilevile.

Ukwangue kwa ndoano ndogo, bila kuchimba chuma, mpaka kona zionekane safi. Kisha jaribu pistoni kavu bila sili: iteleze ndani kwa uzito wake. Ukiisha kuweka sili na kuipaka mafuta mapya ya breki, vidole gumba viwili vitoshe kuisukuma. Pistoni yenye vishimo vya kutu pale sili inapopita isipigwe msasa, kwani msasa unamaliza kromu na kutu inarudi. Badilisha, za chuma cha pua zinatengenezwa.

Dhana: Mafuta ya breki hayabadilishwi mpaka yapungue.

Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewa, na Mombasa au Tanga unyevu haukosekani. Maji hayo ndiyo yanayoanzisha kutu. Kiwango cha chini cha mchemko cha DOT 4 mpya ni nyuzi 230, na ikishanyonya maji ni 155. Kila miaka miwili yatoe. Wala DOT 5 si ndugu wa 5.1: ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine.

Na vumbi jeusi la pedi za zamani usilipulize kwa upepo. Pedi za miaka hiyo nyingi zilikuwa na asibesto. Lowesha, pangusa kwa kitambaa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kitupwe.