Je, wajua kwa nini chai ya Nairobi hutaka sufuria?

Shangazi yangu ni mtu wa Mombasa, na chai ya rangi ameipika tangu utotoni. Julai mwaka jana alikuja kukaa nasi wiki mbili hapa Nairobi, na majani akabeba yake mwenyewe. Asubuhi ya kwanza aliamka kabla yetu, akachemsha maji, akatia kijiko cha majani kwenye buli kama afanyavyo kwake, akamimina maji na kufunika. Baada ya dakika nne alijaza kikombe, akakipeleka dirishani penye mwanga, kisha akaniita.

"Njoo uone, mwanangu. Majani ni yale yale, kipimo kile kile. Mbona imepauka hivi?"

"Majani ni mazima, shangazi," nikamwambia. "Ni maji ya huku."

Alidhani nayasema vibaya maji ya mfereji. Sivyo. Maji yake yalichemka kweli, mapovu aliyaona kwa macho yake, ila hayakuwa na moto ule aliouzoea.

Mombasa iko usawa wa bahari, na maji ya pale huchemka yakifika nyuzi 100 za selsiasi. Nairobi iko juu kwa takriban mita 1,700, na hapa maji huanza kutokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kinacholeta tofauti ni uzito wa hewa. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu za kuisukuma hewa iliyoyalalia juu. Pwani, hewa yote kuanzia baharini kwenda juu imeyakalia maji hayo. Ukipanda bara, sehemu ya hewa umeshaiacha chini yako, mzigo umepungua, na mvuke hupata njia mapema. Kwa kila mita 300 unazopanda, kiwango cha kuchemka hushuka kama nyuzi 1. Wapishi wa githeri kule Limuru, juu ya mita 2,000, wanalijua hili hata kama hawajawahi kuona kipimajoto: mahindi na maharagwe huwakalia jikoni muda mrefu.

Kuongeza moto nako hakusaidii. Maji yakishatokota, joto lake halipandi tena hata ufungue gesi yote, kwani moto wa ziada huishia kuwa mvuke.

Nyuzi 6 zaweza kuonekana chache. Lakini mimina maji hayo ya nyuzi 94 kwenye buli la kauri lililolala kabatini usiku wa baridi ya Julai. Buli linachukua sehemu yake, hewa ya jikoni inachukua yake, na muda si mrefu majani yamebaki kwenye maji ya chini ya nyuzi 90. Kafeini hutoka bila shida katika joto hilo. Harufu pia hutoka. Vinavyochelewa ni vile vinavyoipa chai rangi nzito na ule ukali unaoshika ulimi, jamii ya polifenoli ambazo wengi tunaziita tanini. Hizo hutaka moto, na hutaka moto unaodumu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba majani yenyewe yalitengenezwa yatoe rangi haraka. Mwaga kidogo kiganjani: huoni jani, waona punje nyeusi kama mchanga mkubwa. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitishwa kwenye roli zenye meno zinazoliponda jani, kulichana na kulikunja, njia iliyoanzia Assam, India, katika miaka ya 1930. Majani mawili na chipukizi lao hufika kiwandani yakiwa mabichi, hunyaushwa kwanza, halafu yakisagwa utomvu wake hukutana na hewa, na kijani hugeuka rangi ya shaba. Kisha hukaushwa na kuchekechwa kwa ukubwa. Zile herufi unazosikia wafanyabiashara wa chai wakizitaja, BP1, PF1, PD, D1, ni ukubwa wa punje tu, kutoka kubwa hadi vumbi. Punje ndogo ina eneo kubwa la kugusana na maji, hivyo hukolea upesi.

Na huenda majani ya shangazi yalichumwa nyanda hizi hizi za juu. Chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru mwaka 1903, mwendo mfupi kutoka Nairobi. Yaliteremka Mombasa, yakanunuliwa dukani, yakapanda tena na basi.

Basi, dawa ya Nairobi ni sufuria. Maji hayatavuka nyuzi 94, lakini yakiwa motoni hayashuki pia, na zile dakika tatu za kutokota hufanya kazi ambayo buli baridi haliwezi. Buli na mfuko wa chai wa kuchovya vinafaa kwingine. Hapa mimi huona vinapoteza majani.

Karibu na steji ninayopandia matatu Ngara kuna mama anayepika chai tangu saa kumi na moja alfajiri. Nimesimama pale mara nyingi nikimtazama kuliko kumnunulia. Maji hutangulia. Yakishatokota, hutupia majani kwa mkono, na povu linalopanda huwa jekundu, lenye viputo vidogo vidogo. Huliacha lizunguke kwa muda. Maziwa huja baadaye, na hapo macho yake hayatoki tena kwenye sufuria. Ukingo unaanza kukunjamana, katikati panatulia, halafu chai yote inainuka kwa pamoja. Kabla haijafika mdomoni mwa sufuria ameshachota kwa kikombe cha bati, amekiinua hadi usawa wa bega, ameirudisha ndani kwa mkondo mwembamba. Mara tano, mara sita.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asitie vyote kwa pamoja kama wengine.

"Maziwa yanayaziba majani mdomo," alisema.

Ana haki, na sayansi inamuunga mkono. Maziwa yana protini iitwayo kaseini, nayo hupenda kushikana na tanini. Ndiyo maana chai ya maziwa hailambi ulimi kwa ukali kama ya rangi. Yaache majani yakolee kwenye maji kwanza, upate rangi na nguvu, kisha kaseini ije ilainishe. Ukianza na maziwa, unalainisha kitu ambacho bado hakijatoka. Nyumbani mimi huweka kikombe kimoja cha maji kwa kimoja cha maziwa, na kijiko cha chai cha majani kilichojaa kwa kila vikombe viwili.

Na kule kufurika? Maji matupu hayafuriki kirahisi, kwa sababu kiputo chake kikifika juu hupasuka. Protini za maziwa zikipata joto hufunguka na kuvalisha kila kiputo ngozi nyembamba. Viputo havipasuki, vinapandana. Juu, utando wa protini na mafuta umefunga kama kifuniko, na mvuke wa chini unausukuma. Kuchota na kumimina huupasua utando huo, huutoa mvuke na kuipoza chai kidogo. Tena maji kiasi huruka kama mvuke, chai ikawa nzito.

Tangawizi ndiyo huwaponza wengi. Umepika vizuri, umetia tangawizi mbichi iliyopondwa, ghafla maziwa yamekatika, mabonge yanaelea, na wa kwanza kulaumiwa ni muuza maziwa. Mara nyingi hana kosa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa nguvu zaidi maziwa yakiwa ya moto lakini hayajachemka, kwenye nyuzi 60 na kitu. Moto wa kutokota hukiua. Kwa hiyo tangawizi itangulie na maji, itokote dakika kadhaa, majani yafuate, maziwa yaje mwisho. Tangu nilipolielewa hili sijawahi kumwaga sufuria. Bila shaka maziwa yaliyoanza kuchacha yatakatika hata bila tangawizi, na hayo hayana tiba.

Neno moja kuhusu maji. Nyumba nyingi za Nairobi hutumia maji ya kisima mfereji unapokauka, na maji ya visima vya hapa mara nyingi yana magadi. Magadi huifanya chai iwe nyeusi sana huku ladha ikipoa. Ukiona rangi imekolea kupita kiasi na chai haina uchangamfu, usiongeze majani, tafuta maji mengine. Limau hufanya kinyume: tone dogo kwenye chai ya rangi nayo hung'aa, kwani asidi huifanya rangi iwe nyepesi.

Halafu chuja kabla ya kutia kwenye thamosi. Majani yakiachwa humo huendelea kutoa ukali, na chai ya saa moja asubuhi huwa chungu ikifika saa nne.

Shangazi alishika sufuria siku ya tatu. Alitokotesha majani yake dakika tatu, akakisuuza kikombe kwa maji ya moto kabla ya kumimina, na alipokipeleka tena dirishani chai ilikuwa nyekundu ya kahawia, ile aliyoitaka. Akarudi Mombasa na mtindo huo. Wiki hiyo hiyo akanipigia simu: chai yake imekuwa kali, inakausha mdomo. Nikamwambia huko maji ni ya nyuzi 100, apike dakika moja tu, au arudi kwenye buli lake.