Lishe ya taifa iko ndani ya mfuko wa unga, na anayeujaza ni kampuni

Nimefanya kazi ya teknolojia ya chakula kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa ndani ya vinu vya nafaka. Swali ninaloulizwa mara nyingi kwenye mikutano ya lishe ni kampuni binafsi zisaidieje. Anayeuliza huwa anawaza msaada: katoni za maziwa kwa shule, fulana zenye nembo, siku moja ya kuwapima watoto uzito. Mimi humuuliza kampuni hiyo inauza nini siku 364 zilizobaki. Hapo ndipo mchango wake ulipo, uwe mwema au mbaya.

Wizara ya afya inaweza kuandika mwongozo mzuri wa lishe, lakini haisagi unga, haikamui mafuta, haioki mkate. Chumvi ya kwenye mkate inaamuliwa na mwokaji. Mafuta yauzwe kwenye chupa angavu au yenye kivuli, hilo linaamuliwa na kiwanda, na si jambo dogo, kwa sababu vitamini A iliyoongezwa kwenye mafuta huharibiwa na mwanga. Maamuzi kama haya hufanyika bila kumwita mtaalamu wa lishe hata mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa chumvi. Mwanzoni mwa karne ya 20, rovu lilikuwa limeenea katika mabonde ya milima ya Uswisi, na watoto walizaliwa wakiwa na udumavu wa akili na uziwi kwa sababu mama zao walikosa madini joto. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuuza chumvi iliyoongezwa madini hayo, baada ya daktari Hans Eggenberger kulipigania jambo hilo. Mwaka 1924 chumvi ya aina hiyo ikaingia madukani Michigan, Marekani, na kampuni ya Morton ikaisambaza nchi nzima. Leo karibu kaya 9 kati ya 10 duniani zinatumia chumvi yenye madini joto. Hakuna aliyeambiwa abadili mlo wake. Aliyebadilika ni mwenye kiwanda.

Na humo kiwandani kuna uamuzi mwingine ambao watu hawausikii. Madini joto yanaweza kuongezwa kama iodidi ya potasiamu au kama iodeti ya potasiamu. Iodidi hupotea upesi chumvi ikiwa na unyevunyevu na mifuko ikiwa duni. Iodeti hustahimili joto na unyevu. Mfanyabiashara akichagua isiyofaa kwa hali yake ya hewa, chumvi itaondoka kiwandani na madini joto na kufika jikoni bila kitu, huku kila mtu akiwa ametimiza wajibu wake kwa maandishi.

Kwenye unga, kazi inafanywa na kifaa kidogo kinachokaa juu ya skrubu ya kusafirishia unga. Kinadondosha mchanganyiko wa virutubishi, yaani madini chuma, zinki, asidi ya foliki, vitamini za kundi B na wakati mwingine vitamini A, kwa kiwango cha gramu mia chache tu kwa tani nzima. Baada ya hapo unga unatakiwa uendelee kusafiri mita kadhaa ili uchanganyike. Ni kazi ndogo, na kwa udogo wake ni rahisi kuiacha.

Kuna kinu nilichokikagua ambacho kifaa kilikuwa kinazunguka vizuri, taa ya kijani inawaka, rejesta imejazwa kila zamu. Nikapanda ngazi nikafungua mfuniko. Ndani mlikuwa mtupu. Mwendesha mtambo, kijana mpole sana, akaniambia: "Mama, mzigo uliisha. Tumeambiwa tusikizime kwa sababu wakaguzi wanatazama kama kinazunguka." Nilichukua unga wa siku ile nikaudondoshea kimiminika cha kupimia chuma, unga ulioongezwa chuma hutoa vinukta vyekundu vinavyoonekana kwa macho. Ule ulibaki mweupe. Mifuko ilikuwa na nembo ya virutubishi.

Tangu siku hiyo siangalii kifaa kwanza, naomba karatasi za stoo. Kama kiwango ni gramu 250 kwa tani, kinu kilichosaga tani 1,000 lazima kiwe kimetumia kilo 250 za mchanganyiko. Ukiona kilo 90, huhitaji maabara kukwambia kilichotokea. Hesabu hii ya darasa la tano ndiyo ukaguzi wenye nguvu kuliko wote ninaoujua, na inasikitisha kwamba nchi nyingi hazijaiweka kwenye fomu za wakaguzi wake.

Mwenye kinu kile hakuwa mtu mwovu. Alinionyesha bei za mshindani wake wa jirani, ambaye hakuongeza kirutubishi chochote na hakuwa amewahi kuguswa na mtu. Gharama ya mchanganyiko kwa mfuko mmoja ni ndogo sana, lakini faida ya kusaga nafaka nayo ni nyembamba, na mnunuzi haoni wala haonji tofauti. Juu ya hayo, mchanganyiko huagizwa nje kwa fedha za kigeni, na bandari nyingine huutoza ushuru kana kwamba ni kemikali ya kawaida ya kiwandani. Katika hali hiyo anayetii sheria ndiye anayepata hasara. Wasagaji wenyewe wamewahi kuniomba nikawasemee waongezewe ukaguzi, mradi uwafikie wote. Nawaelewa kabisa.

Ndiyo maana siamini sana katika ahadi za hiari. Guatemala ilipitisha sheria ya kuongeza vitamini A kwenye sukari mwaka 1974, viwanda vikaanza, halafu kazi ikasimama baada ya miaka michache tu, ikafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata sheria, isiposimamiwa na isipokuwa na bajeti ya mchanganyiko, hulala. Kwa upande mwingine, Marekani na Kanada zilipolazimisha asidi ya foliki kwenye unga mwaka 1998, watoto wanaozaliwa na mgongo wazi na kasoro nyingine za neva walipungua. Kanada upungufu huo ulikaribia nusu. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kliniki haiwezi kumfikia mama kwa wakati huo. Unga unamfikia.

Kuna jambo moja la kitaalamu nataka wasomaji walishike, kwa sababu linaamua kama fedha zinamwagika bure. Madini chuma si kitu kimoja. Kuna chuma cha vumbi, cha bei ya chini, ambacho mwili haukinyonyi kwa kiasi cha maana, na kuna salfeti ya feri au fumarati ya feri, ambazo mwili huzitumia vizuri zaidi. Kwenye unga usiokobolewa, ambao una fitati nyingi zinazokishika chuma kisinyonywe, aina inayofaa ni ile iliyofungwa kwa EDTA, kemikali inayokikinga chuma kisishikwe na fitati. Kwenye lebo zote zitaandikwa "ina madini chuma". Mwenye kiwanda anayejali ataomba cheti cha msambazaji kinachotaja aina, na kiwango cha taifa kinachojali kitaitaja kwa jina badala ya kuandika miligramu peke yake.

Pia si kila kilichoongezwa vitamini ni lishe. Kinywaji cha sukari kilichotiwa vitamini C bado ni kinywaji cha sukari. Huwa naudhika ninapokiona kimewekwa kwenye ripoti ya kampuni kama mchango kwa afya ya watoto.

Kwa bidhaa za namna hiyo mchango mkubwa ni kupunguza sukari, chumvi na mafuta yenye madhara. Uingereza ilianza kazi ya kupunguza chumvi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2006 ikawawekea watengenezaji malengo kwa kila aina ya chakula. Chumvi ikapunguzwa kidogokidogo, hatua ambazo ulimi hauzihisi, na kufikia mwaka 2011 ulaji wa watu wazima ulikuwa umeshuka kutoka takriban gramu 9.5 kwa siku hadi 8.1. Malengo hayo yalikuwa ya hiari kwa jina, lakini serikali ilipima na kutangaza matokeo hadharani, na watengenezaji walijua sheria inaweza kufuata. Nchi hiyohiyo ilipotangaza mwaka 2016 kodi ya vinywaji vyenye sukari kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, kampuni nyingi zilibadili michanganyiko yao kabla kodi haijaanza Aprili 2018. Denmark nayo mwaka 2003 iliweka kikomo kwa mafuta ya transi yanayotokana na viwanda, yale yanayogandishwa kiwandani na kuumiza moyo: yasizidi asilimia 2 ya mafuta yaliyomo kwenye chakula. Vyakula vilivyoyategemea havikutoweka madukani. Viliandaliwa kwa mafuta mengine.

Eneo ambalo sina uvumilivu nalo ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni ya uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama: hakuna matangazo kwa umma, hakuna sampuli za bure kwa mama, hakuna zawadi za kuwashawishi wahudumu wa afya. Kampuni inayokiuka kanuni hiyo haiwezi kukaa kwenye meza ya kupanga lishe ya taifa, hata kama inafadhili mkutano wenyewe. Mgongano wa maslahi lazima ushughulikiwe mlangoni, kabla ya viti kupangwa.

Kampuni pia ni mwajiri. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na muda wa kunyonyesha kazini. Chumba safi chenye kiti, sinki na jokofu kwa ajili ya maziwa yaliyokamuliwa hakigharimu hata nusu ya bajeti ya matangazo ya mwezi mmoja ya viwanda ninavyovifahamu.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni vinu vidogo. Sheria nyingi za kuongeza virutubishi huviacha nje kwa kuwa ni vingi na havikaguliki, na wanaovitegemea ni watu wa vijijini, wale ambao upungufu wa damu na udumavu huwaumiza zaidi. Kwa wasagaji wadogo wanaouza unga kwenye mifuko kuna njia inayowezekana: anayewauzia mifuko mitupu awaletee na mchanganyiko, gharama yake ikiwa ndani ya bei ya mfuko, pamoja na kifaa kidogo kinachopima nafaka kwa uzito na kuachia kipimo chenyewe. Hapo idadi ya mifuko iliyouzwa inakuwa ndiyo hesabu ya virutubishi vilivyotumika. Lakini yule anayekuja na ndoo ya nafaka yake, akasagiwa akaondoka, bado hajapata jibu. Kuchanganya kwa kijiko nimejaribu: sampuli tatu za ndoo moja zilinipa majibu matatu tofauti.