Je, Petro Angeweza Kutomkana Yesu?

Katika kufundisha teolojia, swali la hiari ya mwanadamu hunijia mara nyingi likiwa limebeba jina la Petro. Yesu alikwisha kumwambia kwamba usiku uleule atamkana mara tatu. Basi pale uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kijakazi akimkazia macho, alikuwa na hiari gani?

Jibu la haraka ni kwamba kujua si kusababisha. Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale, alilieleza vizuri: wewe kukumbuka jambo la jana hakukulifanya litokee, na vivyo hivyo Mungu kujua la kesho hakulilazimishi. Ni kweli, lakini wengi huishia hapo, na mimi naona wameishia njiani. Fundo lenyewe liko kwenye wakati. Yaliyopita hayatanguki. Neno la Yesu lilikwisha kutamkwa, naye hakosei. Sasa Petro amebakiwa na njia ngapi?

Mwanafalsafa Boethius, aliyeandika akiwa kifungoni mnamo mwaka 524 akingojea kuuawa, alijibu kwamba Mungu hatazami mbele hata kidogo. Kwake nyakati zote ni sasa moja. Thomas wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa Zama za Kati, naye aliifuata njia hiyo. Ni wazo zuri mno, ila kwa Petro halitoshi: hata Mungu akiwa nje ya wakati, onyo lile lilitolewa ndani ya wakati, saa kadhaa kabla ya jogoo kuwika.

Mwaka 1588 Luis de Molina, mtawa wa shirika la Wajesuiti, alikwenda mbali zaidi. Alisema Mungu anajua hata kile ambacho kila kiumbe huru angefanya katika kila hali, ikiwemo ile isiyotokea kamwe. Andiko linalotajwa sana hapa ni 1 Samweli 23. Daudi yuko katika mji wa Keila, akimkimbia Mfalme Sauli. Anamuuliza Bwana kama Sauli atashuka, anaambiwa atashuka. Je, wenyeji watamtoa kwa Sauli? Watamtoa. Daudi anaondoka na watu wake wapata 600, Sauli anaghairi safari, na hakuna anayetolewa; yaani Mungu alijua ambalo lingetokea kama Daudi angebaki. Watawa wa shirika jingine, Wadominiko, Domingo Báñez akiwa mbele, walimpinga Molina vikali, hata Papa Paulo V akaufunga mjadala mwaka 1607 bila kumpa yeyote ushindi, akakataza pande hizo kuitana wazushi. (Laiti mabishano yetu ya leo yangefungwa hivyo!)

Kinachonikwamisha kwa Molina ni hiki: kama watu wa Keila hawakuwahi kuchagua, ni nini kinacholifanya chaguo lao kuwa kweli? Sijaona jibu la kuniridhisha. Kwa Petro, mimi nashika jambo jepesi zaidi: neno la jioni lilitegemea tendo la usiku, si tendo kulitegemea neno. Angemkiri Bwana wake, Yesu asingetamka vile. Kwamba hakumkiri hakuthibitishi kwamba hakuweza.

Tena Luka 22 ina kitu tunachokipita mbio. Kabla hata ya kumtabiria Petro anguko lake, Yesu anamwambia amemwombea imani yake isitindike, na akiisha kuongoka awaimarishe ndugu zake. Anayejua ndiye anayeomba. Kama kujulikana kungetosha kuyafunga mambo yote, dua ile ingekuwa maigizo tu, na Luka haiandiki kama maigizo.